Swali Nililolifuta

Ayuma wangu,

Umekwenda Shirere kurudisha ufunguo wa kile chumba ulichopanga, na kwa vile nakujua, utapita kwa kila rafiki kuaga, na kila rafiki atakupa chai. Kwa hiyo nina muda. Mama yako yuko jikoni. Amenifukuza mara mbili kwa kosa la kuonja ingokho, kuku wetu wa kienyeji, kabla haijaiva, nami nimekaa hapa sebuleni na kalamu kama mwanafunzi aliyeachwa darasani amalize insha.

Kesho asubuhi unakwenda Nairobi kuanza kazi. Mambo ya sweta, ya kufunga mlango, ya kutotoka nyumbani na njaa, mama yako ameshayasema, na nina hakika atayasema tena dereva akiwa amewasha gari. Sitayarudia. Nina jambo langu moja, ni refu kidogo, na sehemu yake huijui.

Unakumbuka jana mchana mjomba wako alipokuuliza, "Sasa hiyo kazi yenyewe ni ya kufanya nini?" Ukamweleza kwa subira. Kuna kampuni kadhaa zinauza kitu kimoja, mteja hajui ipi inamfaa. Nyinyi mnatuma mawakala wa akili unde, zile programu mtu anazipa kazi nazo zinakwenda zenyewe kutafuta, kusoma na kurudi na majibu. Kazi yako wewe ni kuhakikisha kila kampuni imepimwa kwa kipimo kilekile. Mjomba akasema, "Kwa hiyo watakulipa kwa kuuliza maswali!" Meza nzima ikacheka. Nami nilicheka, lakini niliinamia sahani yangu, maana hapo mezani hakuna aliyejua kuliko mimi kwamba kuuliza maswali ni kazi ngumu.

Nianze na mashine ya kwanza, ile ya manjano. Ulikuwa bado shule ya msingi. Kikundi chetu cha wafugaji wa kuku kilinichagua kuwa katibu kwa sababu nilifanya kazi ghala la serikali na walidhani mtu wa ghala anajua kununua. Tulitaka mashine ya kuangulia mayai. Kampuni tatu zikatuma watu wao, na mimi ndiye niliyewahoji.

Wa kwanza alikuwa kijana mkimya. Nikamuuliza, "Stima ikipotea, mashine yenu inakaa na joto kwa muda gani?" Akafikiri, akasema ukweli wake: saa chache tu, baada ya hapo itabidi mtafute jenereta. Nikaandika kwenye daftari: mbaya. Wa pili nikamuuliza habari za vipuri, akajikanyagakanyaga, nikamwandikia: mbaya pia. Wa tatu, yule wa mashine ya manjano, alifika saa ya chakula. Akanisalimu "Mulembe", akala obusuma, ugali wetu, na ingokho kama mtoto wa nyumbani, akamsifu mama yako, akakusifu wewe. Unajua nilimuuliza nini? Nilimuuliza kwao ni wapi. Akanitajia kijiji kilicho jirani na kwa mjomba wangu. Nikaandika: nzuri sana.

Sikumuuliza habari za stima hata kidogo. Yule kijana mkimya nilimkata kwa sababu alijibu kwa ukweli swali ambalo wenzake hawakuulizwa. Nilikuja kulielewa hilo miaka mingi baadaye, na ni wewe uliyenielewesha.

Mashine ya manjano tuliiwasha kwa maombi na soda. Wiki ya pili mvua yetu ya Kakamega ikaja na radi zake za jioni, stima ikaenda, ikarudi kesho yake mchana. Tulipofungua mashine, mayai yalikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Siku zilipotimia tulipata vifaranga wanne, na mmoja wao alikuwa hana nguvu ya kusimama.

Mengi ya mayai yale yalikuwa ya Mama Khadija. Unamjua sasa akiwa mwenyekiti, mama wa sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi, lakini wakati ule alikuwa mgeni mjini, ametoka Ekero na kuku wake wachache, na alikusanya mayai yao yote akatuletea. Hakugombana nami. Aliyatazama mayai, akafunika kikapu chake kwa leso, akasema, "Hakuna neno, Katibu. Alhamdulillahi." Kisha hakuonekana kwenye kikundi kwa karibu mwaka mzima. Kama angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Sasa tuje mwaka jana. Mashine ya manjano ilipokufa kabisa, kikundi kikaamua kununua nyingine, kubwa. Mama Khadija akiwa mwenyekiti alisema mbele ya wote, "Katibu atalinganisha kampuni. Lakini safari hii, Katibu, asikuje mtu kula kwako kwanza." Wanawake wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Nikaapa moyoni kwamba safari hii nitatumia sayansi.

Sayansi yenyewe ilikuwa simu yangu. Nikaiuliza akili unde, "Je, ni kweli kwamba mashine nyeupe ndiyo bora kwa kikundi kama chetu?" Ikanijibu vizuri, na sababu sita. Nikafurahi. Kesho yake nikaiuliza, "Je, ni kweli kwamba mashine ya bluu ndiyo bora?" Ikanipa sababu saba. Nikakuletea simu, nimekasirika, nikakwambia hiki kitu ni kigeugeu.

Ulisoma maswali yangu, ukaanza kucheka, ukakaa chini kwenye ngazi ya mlango ukiendelea kucheka. "Baba, wewe hukuuliza swali. Wewe uliomba kuungwa mkono!"

"Sasa nifanyeje?"

"Niachie jioni mbili."

Ulikuwa umemaliza masomo chuoni Sigalagala na ulikuwa ukisubiri kazi. Ukafungua kompyuta, ukaniita nikae kando yako, na nikwambie ukweli, zile zilikuwa jioni mbili nzuri kuliko nyingi nilizowahi kuwa nazo. Ukaweka mawakala watatu, mmoja kwa kila kampuni: ya mashine nyeupe, ya bluu na ya kijivu. Wote ukawapa karatasi moja ya maswali, kwa mpangilio mmoja. Ukawaamuru kila jibu lionyeshe limetoka wapi, na wasipopata jibu waandike "haijulikani", wasibahatishe. Wakala wa nne ukampa kazi ya kuwakagua wale watatu. Mimi nikakuuliza kama wa nne naye anakaguliwa na nani, ukasema, "Na mimi. Na mimi nitakaguliwa na wewe." Nilivimba kichwa.

Majibu ya kwanza yakaja. Kampuni ya bluu ilionekana ina waranti ya miaka mitano, nyeupe miaka miwili. Mimi nikawa nimeshainuka kwenda kuwapigia simu watu wa bluu. Ukanishika shati.

"Ngoja, Baba. Hii mitano ni ya nini?"

Ukafungua vijitabu vyao. Mitano ilikuwa ya bodi ya nje tu. Ile miwili ya nyeupe ilikuwa ya mashine yote, mota na kila kitu. Mawakala hawakudanganya, kila mmoja alilielewa neno waranti kivyake. Basi ukalifuta neno lenyewe, ukaandika swali jipya ambalo hata nyanya yako angelielewa: Ikiharibika, ni sehemu gani itatengenezwa bure, kwa muda gani, na fundi atafika Kakamega baada ya siku ngapi? Halafu ukawarudisha mawakala wote watatu kazini, toka mwanzo.

Nikakwambia, "Lakini wa kijivu alikuwa amejibu vizuri. Huyo mwache."

Ukasema, "Swali likibadilika, linabadilika kwa wote."

Ulilisema huku ukitafuna karanga, bila hata kunitazama. Nitalirudia neno hilo hapa chini, maana liliniingia mahali usipopajua.

Sehemu inayofuata unaijua kwa nje tu. Acha nikueleze ilivyokuwa ndani yangu.

Lihanda alinipigia simu. Huyu nilikaa naye dawati moja miaka minne ya sekondari, tukala githeri bakuli moja, na kumbe sasa ndiye anayeuza mashine za bluu upande huu. "Ndugu yangu," akasema, "nasikianga mnanunua mashine. Sikuombi kitu. Nakukumbusha tu kwamba niko." Hakuniomba kitu kweli. Ndiyo ilikuwa mbaya, kwa sababu asiyeomba huwezi kumkatalia.

Nikafungua jedwali lako. Ulikuwa umenipa ruhusa ya kuingia ili nisome. Mashine ya bluu ilikuwa inafanya vizuri kila mahali isipokuwa mahali pamoja: stima ikipotea, ilikuwa inapoa haraka kuliko zote. Nikajiambia kwamba siku hizi stima haipotei sana. Nikajiambia kwamba tutanunua jenereta. Nikajiambia kwamba swali moja katika maswali mengi si kitu. Kisha nikalifuta. Ayuma, nililifuta swali la stima! Mimi, niliyeyashika mayai yale ya baridi kwa mikono yangu. Nafasi yake nikaandika jingine: Je, kampuni ina mwakilishi anayeishi karibu na Kakamega? Nikabonyeza pale uliponionyesha, mawakala wakaanza upya. Walifanya kazi safi kabisa. Swali lilelile kwa wote, mpangilio uleule, ushahidi umeonyeshwa. Na bluu ikawa ya kwanza.

Nilikwenda mwenyewe kwenye saiba kuchapisha ripoti, nikaiweka kwenye bahasha, nikakupa asubuhi ya mkutano mlangoni pa ukumbi. Hukupata nafasi ya kuisoma kabla. Ulisimama mbele ya wale wanawake, ukaanza kuwasomea, ukafika ukurasa wa pili. Ukarudi ukurasa wa kwanza. Ukanitazama. Ukasema kwa adabu, "Naomba mnipe dakika kidogo na Katibu."

Nje, kando ya tangi la maji, ukaniuliza, "Baba, nani amegusa maswali?"

Nikasema, "Labda ni mtandao."

Naandika neno hilo hapa na masikio yananiwaka. Mtu mzima, baba wa watoto wawili, nikausingizia mtandao.

Hukupandisha sauti. Ulisema, "Nitasoma karatasi kama ilivyo. Lakini nitawaambia kwamba lilikuwepo swali la stima na limeondolewa. Sitasema limeondolewa na nani." Ukageuka ukarudi ndani.

Nilibaki pale na lile tangi. Ningeweza kuchukua njia ya nyuma nikaenda nyumbani. Kilichonirudisha ndani si ushujaa. Niliwaza kwamba ukisema swali limeondolewa, watu watadhani umeliondoa wewe, na utakaa nalo kwa sababu yangu. Basi nikaingia, nikasimama kabla hujafungua mdomo, nikasema, "Mwenyekiti, swali la stima nimelifuta mimi. Muuzaji wa mashine za bluu ni rafiki yangu wa shule. Binti yangu hakujua."

Hapakuwa na kicheko mara hii. Nilisikia jogoo wa jirani akiwika na nikamshukuru kwa kusema kitu. Mama Khadija akanyoosha leso yake begani.

"Katibu, kulikuwa na mayai ya nani kwenye ile mashine ya manjano?"

"Yako, Mwenyekiti."

"Na umelifuta swali gani?"

"La stima."

"Subhanallah." Akatikisa kichwa. Halafu akakugeukia wewe. "Binti, hilo swali rudisha. Na lile la jirani wa Kakamega uondoe. Sisi tunanunua mashine, hatutafuti mchumba."

Hapo ndipo ukumbi ukapasuka, na mimi nikapata kupumua. Ulirudisha karatasi ya zamani, mawakala wakafanya kazi wakati watu wanakunywa chai, na nyeupe ikatangulia. Lakini hata hapo ulikataa kushangilia. Ulionyesha mahali palipoandikwa "haijulikani": je, fundi wao hufika kweli kama wanavyoahidi? Ukasema mawakala wamesoma kila kilichopo mtandaoni na hili halipo, kwa hiyo atafutwe mtu. Mama Khadija akampigia simu mkulima mmoja wa Lugari anayeitumia mashine hiyo, akaweka sauti ya juu wote tusikie. Yule mkulima akasema, "Mashine ni nzuri, mama. Fundi alichelewa siku moja, lakini alikuja, na alinipigia kabla." Tukapiga kura. Vifaranga wa kwanza wa mashine nyeupe walipotoka walijaa visanduku mpaka tukaazima makatoni ya maduka, na wiki ileile stima ilikuwa imepotea mara mbili.

Mimi niliachiwa ukatibu, lakini mambo ya manunuzi nikanyang'anywa kwa kura ya wote, na yangu ikiwemo. Lihanda alikasirika mwezi mmoja. Mwezi wa pili alikuja kwetu kununua vifaranga hamsini, akaniambia, "Ungenipigia simu siku ileile ukanieleza. Ningewaambia kampuni wairekebishe." Hebu fikiria. Nilidhani namsaidia kwa kuficha udhaifu wa mashine yake, kumbe yeye mwenyewe alikuwa anataka kuujua.

Sasa lile neno. Swali likibadilika, linabadilika kwa wote. Uliposema hivyo na karanga mdomoni, nilimkumbuka kaka yako Shiundu na ile laptopu.

Mlipokuwa sekondari nilipata laptopu moja, nikasema nitampa mwenye bidii zaidi. Nikamwita Shiundu, nikamuuliza alama zake za hesabu. Nikakuita wewe, nikakuuliza kama umemaliza vyombo. Ulikuwa hujamaliza, kwa sababu ulikuwa ukisoma. Nikampa Shiundu. Nikawaambia nimepima kwa haki. Hukulia, ulisema "Sawa, Baba", ukarudi kwenye vyombo. Miaka yote iliyofuata ulikuwa ukisoma kwa kompyuta za kuazima, na huko Sigalagala ulikuwa ukisubiri wenzako wamalize ndipo ukae wewe. Nami niliendelea kusimulia watu kwamba Shiundu ndiye mtu wa kompyuta nyumbani kwetu.

Alama zako za hesabu za muhula ule nilikuja kuzitafuta baadaye, mwaka jana, baada ya zile jioni mbili. Zilikuwa kwenye bahasha kabatini. Zilikuwa juu kuliko za kaka yako. Sikuzificha. Sikuziuliza tu. Nimemwambia Shiundu kwa simu asubuhi ya leo, akasema, "Baba, mimi nilijuanga." Kwa hiyo kumbe katika nyumba hii ni mimi peke yangu nilikuwa gizani. Nisamehe, mwanangu. Nilikukosea, na sikutaka uondoke kabla sijalisema kwa maneno yake yenyewe.

Huko uendako sina cha kukufundisha kuhusu mawakala wako. Wewe ndiye mwalimu. Ninachojua mimi ni upande wa pili, upande wa mtu anayekuja kutaka swali liguswe. Usimtafute kwenye sura mbaya. Atakuwa mtu mzuri, mcheshi, huenda ndiye atakayekuletea chai siku yako ya kwanza. Hatasema "danganya". Atasema, baada ya kuona majibu, kwamba pengine swali lile halina uzito sana. Mara nyingi hata yeye hatajua kwamba anafanya vibaya, atakuwa anamwonea rafiki haya tu, kama nilivyoona mimi. Mkatalie, lakini usimdharau. Mpeleke kando kwanza, umwachie nafasi ya kurudi ndani kwa miguu yake. Mimi uliniachia, na sijui kama ungenitangaza mbele ya watu leo ningekuwa baba wa namna gani kwako.

Na siku nyingine mtu huyo atakuwa wewe. Utampenda mteja fulani, au kampuni fulani itakuwa ya watu wa kwetu, na kidole chako kitakwenda chenyewe kwenye swali. Ikitokea, nipigie. Sitakuhubiria. Nina ujuzi na mambo hayo.

Nasikia sauti yako kwa jirani, unaaga na unacheka, na mama yako ananiita nije nishike sufuria. Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii kwenye begi lako chini ya nguo, uisome ukiwa umeshafika, mimi nikiwa mbali na uso wako. Nimebadili nia. Nitakupa mkononi baada ya kula, na nitakaa hapohapo kwenye kiti hiki mpaka uimalize. Ukifika mwisho, usininyamazie kwa heshima.

Baba yako,
Anayejivunia wewe na ambaye amekaa mbele yako sasa hivi. Inua macho.